Mwenzi wa Kambini: Urafiki wa Vibarua Wageni na Wajibu Wetu

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Olmotonyi, Arusha





Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya haki za vibarua wa msimu, wale wanaokuja kuchuma kahawa, kupalilia maharage na kukata miti katika mashamba yaliyotuzunguka, kisha wakaondoka. Huenda wengi wenu mmetazamia kwamba tutaanza na sheria. Sheria tutaifikia. Lakini tumeona vema tuanze na jambo ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote ya nchi, nalo ni urafiki. Tena urafiki wa watu wawili ambao kwa asili yao na kwa historia ya wazee wao hakuna aliyetazamia kwamba wangeketi kwenye jiko moja.

Tunalotaka kulisema ni hili. Kibarua aliye mbali na kwao hudhulumiwa kwa urahisi kwa sababu hana shahidi. Hakuna anayejua alichuma madebe mangapi, aliahidiwa nini, aliumwa lini, wala ndugu zake wanakaa wapi. Siku anapompata rafiki, amempata shahidi. Hapo ndipo haki inapoanza, kabla ya wakili na kabla ya mahakama.

1. Watu wanaopita mlangoni petu

Sisi wa upande huu wa Mlima Meru tumezoea kuwaona wageni. Chuo cha Misitu kimetuletea vijana kutoka kila mkoa. Katika misitu ya kupandwa, watu wamepewa vipande vya ardhi ili walime mahindi na maharage katikati ya miche michanga, kisha wahame miti inapokua na kufunga kivuli. Chini yetu yako mashamba makubwa ya kahawa, na upande wa Usa River yako ya maua. Yote hayo hutegemea mikono ya watu ambao hawakuzaliwa hapa.

Hali hii ina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Kijerumani uligawa ardhi nyingi kuuzunguka mlima huu kwa walowezi, wakiwamo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wagiriki, Waingereza na wengine. Walowezi walihitaji watu wa kazi, lakini Waarusha na Wameru walikuwa na migomba yao, na baadaye kahawa yao wenyewe. Hawakuona sababu ya kuacha kihamba na kwenda kumlimia mtu mwingine kwa ujira mdogo. Ndipo walipotafutwa watu wa mbali: kutoka Singida, Kondoa, Mbulu na kwingineko. Walikuja kwa miguu, wakalala kambini, wakamaliza muda wao, wakarudi kwao. Wengine hawakurudi tena.

Huko Tanga na Morogoro, kwenye mkonge, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU, nayo ikakusanya watu kutoka Kigoma, Songea na Njombe, hata kutoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja aliandikwa kwa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba. Alipewa kipande cha siku 30 za kazi, naye alipaswa kuzitimiza ndani ya siku 42. Asipozitimiza, kipande hakikuhesabiwa kuwa kimekwisha. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na kijiji akageuka kuwa namba katika daftari la mtu mwingine.

Tuiangalie vizuri hali hiyo. Kambini kuna Mha, Mngoni, Mbena na Mmakonde. Hawana lugha moja ya nyumbani, hawana dini moja, na huenda babu zao walipigana vita. Mwenye shamba hana haja ya kuwapatanisha. Kwa kweli akiwa si mtu wa haki, kutokuelewana kwao kunamfaa. Huyu akidai nyongeza, anaambiwa kwamba wale wa kabila jingine wapo tayari kufanya kazi ile ile kwa nusu ya malipo. Watu wasiojuana hununuliwa kwa bei rahisi.

2. Utani, urafiki wenye masharti

Watu wale hawakukubali kubaki namba. Walikuwa na hazina waliyoichukua kutoka makwao, nayo ni utani.

Siku hizi wengi hudhani kwamba utani ni mzaha tu wa kuchekesha watu harusini. Wazee waliujua kuwa ni agano. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karibu na mwaka 1880, na leo ni watani. Wanyamwezi waliobeba mizigo katika misafara ya kwenda pwani walipita katika nchi za watu wengi, na wengi kati ya watu hao, kama Wazaramo, wakawa watani wao. Maana yake ni kwamba mahali ambapo damu ilimwagika, au ambapo mgeni angeweza kuporwa njiani, watu waliweka desturi iliyogeuza uadui na hofu kuwa ruhusa ya kutaniana. Katika mashamba na mijini desturi hiyo ilipanuka, kwa sababu huko ndiko wageni walikokutana na wageni.

Utani ulikuwa na masharti yake, na tungependa viongozi wetu wayatafakari matatu.

Kwanza, mtani hakunyimwa chakula wala mahali pa kulala. Angeweza kuingia na kuchukua kuku bila kuomba, na mwenye kuku akacheka. Hii ilikuwa bima ya msafiri asiye na fedha.

Pili, mtani alikuwa na haki ya kusema ukweli. Neno ambalo ndugu wa damu angeogopa kulitamka, mtani alilisema hadharani, nalo likapokelewa. Mlevi aliambiwa kuwa ni mlevi, na mchoyo aliambiwa kuwa ni mchoyo. Kambini, ambako hakukuwa na wazee wa ukoo wa kumrudi kijana, mtani alishika nafasi hiyo.

Tatu, na hili ndilo lililo kubwa kuliko yote, mtani alizika. Alishiriki kuchimba kaburi, kuuhudumia mwili wa marehemu, na hata kuwatania wafiwa ili wasizame katika huzuni. Kwa manamba aliyefia mbali na kwao hili lilikuwa jambo zito mno. Hofu kubwa ya Mwafrika aliye safarini haikuwa kufa. Ilikuwa kuzikwa kama mbwa, asijulikane ni mtoto wa nani. Kwa kuwapo mtani, kulikuwa na mtu wa kulitaja jina lake kaburini.

Ndugu waamini, utani ulikuwa na mipaka pia. Ulimhusu yule tu ambaye desturi ilimtaja. Asiye mtani wa mtu yeyote alibaki peke yake. Aidha, utani ukiachwa bila heshima hugeuka matusi, hasa dhidi ya wanawake, nao hutumiwa kuficha dharau ya kweli. Kwa hiyo hatusemi kwamba turudi nyuma na kuuchukua wote ulivyo. Tunasema kwamba wazee wetu, wengi wao wakiwa hawajaisikia bado Injili, walikwisha kutambua kwamba urafiki na mgeni hauwezi kuachwa utegemee moyo wa mtu siku hiyo umeamkaje. Walitambua kwamba unahitaji wajibu unaojulikana na watu wote.

3. Mfano wa watu wawili

Tuwaweke sasa mbele yetu watu wawili. Ni mfano, kama mifano mingine inayotolewa katika mafundisho, wala msitafute ni nani kati ya wale mnaowafahamu. Lakini kila msimu wa kahawa mnawaona watu wa namna hiyo.

Wa kwanza ni kijana Mnyaturu wa Singida, mbatizwa, aliyemaliza darasa la saba. Mvua zilikuwa chache, mtama na alizeti havikutosha, naye akapanda basi kuja Arusha. Wa pili ni mtu mzima wa Kidatoga kutoka Hanang, mfugaji aliyebaki bila ng'ombe. Hakusoma, hakubatizwa, na Kiswahili chake ni cha kuchanganya. Kwao, katika miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa na shirika la umma kwa msaada wa Kanada yalichukua karibu ekari 100,000 za malisho yao mazuri. Mtu wa kizazi chake alikua akiona ng'ombe wakizuiwa kupita mahali baba yake alipochungia.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo kwenye jina. Watu wengi nchini huwaita watu hawa Wamang'ati. Wenyewe hujiita Datoga. Ninyi mnaosema Kimaa mnajua vema neno hilo lilitoka wapi na lina maana gani: ni adui. Kwa hiyo mtu huyu anapoingia katika duka letu, tunamsalimu kwa kumwita adui, naye anaitikia, kwa kuwa hana namna nyingine. Tunawaomba muanze na jambo hili dogo leo hii, la kumwita mtu kwa jina ambalo yeye mwenyewe anajiita.

Basi wawili hawa wamepangwa chumba kimoja kambini. Wazee wa kijana walimsimulia mengi juu ya mikuki ya Wadatoga na ng'ombe waliochukuliwa usiku. Wazee wa yule wa pili walimsimulia juu ya wakulima wanaosogeza jembe kila mwaka mpaka njia ya mifugo ikapotea. Usiku wa kwanza kila mmoja amelala na fedha zake chini ya ubavu, na hakuna aliyefumba macho.

Urafiki wao hauanzi kwa maneno matamu. Unaanza kwenye debe. Wachumaji hulipwa kwa debe, na msimamizi analitaka debe lijae mpaka liwe na kilele, kisha anaandika katika daftari lake. Jioni moja mzee ameleta madebe matano na yameandikwa manne. Hajui kusoma, lakini anajua kuhesabu. Mtu aliyechunga ng'ombe mia moja tangu utotoni hahitaji daftari ili ajue kama mmoja amepungua. Anasema, "Ni matano." Wanamcheka. Kijana aliyekuwa nyuma yake katika mstari anasema, "Mimi nimeyaona. Ni matano, na debe lake la tatu nilimsaidia kulibeba."

Ndugu waamini, kijana huyo alihatarisha kibarua chake kwa ajili ya debe moja la mtu aliyefundishwa kumwogopa. Usiku ule mzee akamkorogea chai na kumwambia, "Kijana wangu, mikono yako ni mizuri, lakini macho yako ni mazuri zaidi." Kijana akamjibu, "Na wewe mzee, kelele zako za usingizi zinafukuza wezi." Wakacheka. Tangu siku hiyo kijana alikuwa na daftari dogo la senti chache, akaandika madebe yao wote wawili, na mzee aliyakumbuka kichwani. Jumamosi walilinganisha. Msimamizi alipojua kwamba kuna hesabu mbili zinazokubaliana, hesabu yake ya tatu nayo ikanyooka.

Kijana alipopata malaria, mzee alichuma mstari wake na mstari wa mwenzake ili jina la mgonjwa lisikatwe. Wenzake wa Singida walimwuliza kijana kwa nini anakula na mtu yule. Hakuwa na jibu la kitaalamu. Alisema tu, "Ndiye aliyenipa maji."

Msimu ukaisha. Kambi ilitakiwa iwe wazi kufikia Jumamosi. Siku ya Alhamisi mzee akaanza kukohoa damu, akapelekwa hospitali. Malipo yake ya mwisho yakazuiwa, ikasemwa kwamba aje mwenyewe kuyachukua. Kijana ana nauli ya kwenda Singida mfukoni, na mama yake anangoja fedha za mbegu kabla ya mvua. Akiondoka, hakuna mtu Arusha nzima anayejua kwamba mzee yule ana mke, watoto na kijiji. Akibaki, hana pa kulala. Jumamosi jioni akiwa na begi lake anafika kwenye nyumba ambamo Jumuiya Ndogo Ndogo imekusanyika kusali, anasimama mlangoni, anabisha hodi.

Tunauacha mfano hapo. Hatutawaambia Jumuiya ile ilimjibu nini, kwa sababu nyumba ile ni ya mmoja wenu.

4. Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Katika Biblia tunacho kitabu kizima kinachofanana na mambo haya, nacho ni Kitabu cha Tobiti. Waamini wengi hukisikia siku za ndoa tu. Tukisome sasa kama kitabu cha wasafiri na wa ujira.

Tobiti ni mgeni Ninawi, aliyepelekwa huko uhamishoni. Kosa lake mbele ya mfalme ni kwamba alizika maiti za ndugu zake zilizotupwa nje ya ukuta. Kwa kazi hiyo ya huruma alipoteza mali yake yote. Anapomwagiza mwanawe Tobia afunge safari ya mbali, katika sura ya 4 anamwusia asimcheleweshee mtu wa kazi ujira wake, bali amlipe papo hapo. Katika sura ya 5 Tobia anatafuta mwenzi wa safari, na makubaliano yanafanywa waziwazi kabla hawajaondoka: drakma moja kwa siku, pamoja na mahitaji ya njiani, na nyongeza wakirudi salama. Katika sura ya 12, safari ilipokwisha, baba na mwana hawatafuti njia ya kupunguza. Wanaona kwamba mwenzi yule anastahili nusu ya vyote vilivyoletwa. Ndipo anapojitambulisha kuwa ni Malaika Rafaeli.

Tuone utaratibu wake. Kuna mkataba unaoeleweka, kuna malipo kwa wakati, na kuna shukrani inayozidi mkataba. Tobia hakujua kwamba anamlipa malaika. Alijua kwamba anamlipa mtu wa kazi, na hilo lilitosha.

Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya Waraka wake, anafundisha kwamba ujira uliozuiwa wa wavunaji unalia, na kilio hicho kimemfikia Bwana. Papa Leo wa 13 alilishika fundisho hilo mwaka 1891 katika Rerum Novarum. Papa Yohane Paulo wa 2, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba mtu aliyehama kwa ajili ya kazi asiwekwe chini ya wafanyakazi wengine mintarafu haki zake, na kwamba ugeni wake usifanywe kuwa nafasi ya kumnyonya.

Hakuna mahali popote katika mafundisho hayo ambapo haki ya ujira imefungwa kwenye ubatizo. Kwa hiyo Mdatoga yule asiyebatizwa, Mwislamu wa Kondoa na Mkristo wa Singida, wote watatu wana dai moja mbele ya Mungu na mbele yetu.

5. Sheria ya nchi inasema nini

Sasa tufike kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ina mambo ambayo kila kiongozi wa Jumuiya iliyo jirani na kambi anapaswa kuyafahamu.

(a) Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, malipo kiasi gani na saa ngapi. Mfanyakazi asipoelewa maandishi hayo, mwajiri anawajibika kuhakikisha kwamba anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kutojua kusoma hakumwondolei mtu haki yake.

(b) Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa kama za ziada.

(c) Kipo kima cha chini cha mshahara kwa kila sekta. Katika kilimo kilikuwa shilingi 100,000 kwa mwezi kwa Amri ya mwaka 2013, na Amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 ilikipandisha kuwa shilingi 140,000. Viwango hivyo hubadilishwa. Kiongozi aulizie ofisi ya kazi Amri inayotumika wakati huo, asitegemee kumbukumbu.

(d) Kifungu cha 43 kinamhusu msafiri wetu moja kwa moja. Mkataba wa mfanyakazi ukikoma mahali pasipokuwa pale alipoajiriwa, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake mpaka mahali alipoajiriwa, au kumlipia usafiri huo; na akicheleweshwa, alipwe fedha za kujikimu kwa siku anazongoja. Aliyechukuliwa kwa lori kutoka Singida hapaswi kuachwa barabarani Ngaramtoni. Tuangalie lakini kwamba sheria inataja mahali alipoajiriwa. Aliyekuja mwenyewe na kuandikwa kazi hapa hapa hana dai hilo, na huyo ndiye anayehitaji zaidi mkono wetu.

(e) Mgogoro wa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri, na kwa madai mengine, kama ya ujira, ni siku 60. Kibarua anayerudi kwao akisubiri kuitwa, mara nyingi hurudi siku hizo zimepita.

(f) Aliyeumia kazini ana haki ya fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Na kipo chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, ambacho mfanyakazi ana hiari ya kujiunga nacho.

Sheria hizi ni njema. Lakini zote zinahitaji kitu kimoja ili zifanye kazi: mtu wa kusema, "Mimi nilikuwapo, niliona." Sheria haiwezi kumzaa mtu huyo.

6. Tufanye nini?

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walio katika AMECEA walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu wanajuana kwa majina. Kambi ya vibarua ni mahali ambapo watu hawajuani kwa majina. Haifai sehemu mbili hizo ziwe mita mia tatu kutoka moja hadi nyingine na zisionane. Kwa mantiki hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, daftari la wageni. Kila Jumuiya iliyo karibu na kambi iwe na daftari, na kibarua yeyote anayependa, wa dini yoyote, aandikwe jina lake, kijiji chake na namba ya simu ya ndugu yake. Liwekwe na mwenyekiti mahali salama, lisionyeshwe kwa mwajiri wala kwa mtu asiyehusika. Hili ndilo linalofanya mgonjwa apate ndugu na marehemu apate jina.

Pili, mashahidi. Wanajumuiya wanaojua kusoma wawasaidie vibarua kuandika siku na madebe yao. Penye dhuluma, Tume ya Haki na Amani imsindikize mdai mapema, kabla ya siku 60 kwisha. Tuifanye kazi hii kwa utulivu na ukweli. Tusimchafue mwajiri kwa uvumi. Wapo waajiri wenye haki, nao watafurahi kuona hesabu imenyooka.

Tatu, nyumba ya siku chache. WAWATA na UWAKA washauriane ni nyumba zipi zinaweza kumpokea kibarua aliyebaki nyuma kwa sababu ya ugonjwa wa mwenzake. Siku tatu au nne za kulala na uji wa asubuhi zaweza kuokoa maisha ya watu wawili.

Nne, mazishi. Mgeni akifariki, Jumuiya isingoje kuuliza kwanza alikuwa wa kabila gani au kama alitoa zaka. Wafahamishwe ndugu zake na waheshimiwe matakwa ya dini yake. Akiwa ni Mwislamu, viongozi waende msikitini na kutoa msaada wao kwa utaratibu wa huko. Tukumbuke masharti ya utani: mtani alichimba kaburi. Tobiti naye alichimba.

Wapendwa, katika kambi za jirani zetu urafiki huo upo tayari. Watu wasio na kitu wanashikana mikono kila siku bila semina na bila mada kama hii. Mtu anachuma mstari wa mwenzake mgonjwa, na mwingine anakataa kupanda basi. Wao wametangulia. Kinachotakiwa kwetu wenyeji, tulio na nyumba, na Jumuiya, na Kanisa lenye kengele, ni kufungua mlango wanapobisha hodi.

Mungu awabariki. Amina.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika eneo la Jumuiya yetu kuna kambi ngapi za vibarua? Tunawajua watu wangapi humo kwa majina yao?

2. Ni majina gani ya dharau tunayotumia kwa watu wa makabila mengine? Wao hujiita nani?

3. Kijana wa katika mfano akibisha hodi kwetu Jumamosi hii, nani atamfungulia, atalala wapi, na nani ataongozana naye kufuatilia malipo ya mwenzake?

4. Kati ya mapendekezo manne, ni lipi tunaweza kulianza kabla ya msimu ujao wa kahawa, na nani atalisimamia?